Ala Hufuata Kisu

Hotuba ya kikundi cha mafundi ngozi kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, iliyosomwa katika kikao cha mapitio ya miradi. Tunaichapa kama ilivyotolewa.



  Mara nyingi mnakutana nasi kwenye taarifa ya robo mwaka, katika mstari mmoja usemao "ala za visu", ikifuatiwa na idadi. Mstari huo ni wa kweli, lakini haueleweshi kwa nini idadi hiyo ni ndogo.

Leo tumeombwa tuseme mambo mawili. Kwanza, kazi ya kushona ala ikoje. Pili, tunalionaje pendekezo lililo mbele yenu la kutununulia cherehani kubwa ya ngozi, ili tuanze kushona ala nyingi kwa saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Tunajua pendekezo hilo limetolewa kwa upendo. Kwa heshima zote, tunawaomba mtusikilize kwanza kabla ya kulipitisha.

Kisu kilichofuliwa kwa mkono hakina pacha

Ala, kama wengi mnavyofahamu, ni mfuko wa ngozi unaokaa kiunoni na kuhifadhi kisu. Visu vingi tunavyoletewa vimefuliwa na wahunzi wa vijijini na wa pembezoni mwa miji, kutokana na springi za magari yaliyochakaa. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha; kikipashwa moto, kikafuliwa, kikapozwa ghafla na kupashwa tena kwa moto mdogo, hushika makali vizuri. Lakini chuma hicho hicho hushika kutu upesi kisipotunzwa.

Mhunzi anaweza kufua visu viwili asubuhi moja, kutoka springi ile ile, na bado kimoja kikawa kipana kuliko mwenzake kwa milimita tatu au nne. Mpini nao huchongwa kwa mkono, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Kwa anayekata nyama tofauti hiyo si kitu. Kwa anayeshona ala, milimita tatu ndizo zinazoamua kama kisu kitaanguka njiani au hakitaingia kabisa.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Hapa kaskazini mwa Tanzania sote tunaifahamu sime ya Wamasai. Ina makali pande zote mbili, nayo hupanuka kuelekea nchani. Umbo hilo linampa fundi kazi ngumu: mdomo wa ala lazima upitishe sehemu pana ya bapa, na baada ya hapo sehemu nyembamba iliyo karibu na mpini isibaki ikicheza. Mafundi wa zamani walitumia vibao viwili vya mti vilivyochongwa kufuata sime yenyewe, wakavivika ngozi ikiwa mbichi. Ngozi mbichi ikikauka hunywea na kubana. Kisha ikapakwa rangi nyekundu, ile ambayo hadi leo humtambulisha mvaaji kutoka mbali.

Sime hizo zilifuliwa na kundi la wahunzi waitwao il-kunono. Ni jambo la kusikitisha kwamba wahunzi hao walidharauliwa na jamii, ingawa hakuna morani aliyeweza kutoka bila kazi ya mikono yao. Tunalitaja kwa sababu kazi ya mikono bado inadharauliwa katika familia zetu, na vijana wengi huja karakana baada ya kukosa kila kitu kingine.

Na ng'ambo ya bahari, nchini Oman, jambia la heshima liitwalo khanjar limo hata katika bendera ya taifa, nalo limechorwa likiwa ndani ya ala yake. Chanda chema huvikwa pete, na kisu chema huvikwa ala.

Kazi inavyofanyika

Mteja akija, jambo la kwanza ni kukiona kisu. Hatupokei kipimo kwa simu wala mchoro uliotumwa na mtu. Tunamwuliza maswali machache. Unatumia mkono wa kulia au wa kushoto? Unapanda pikipiki, unatembea, au unakaa chini muda mrefu? Unataka mpini ubaki nje wote au uingie nusu? Mfugaji anayeinama mara kwa mara anahitaji kisu kizame ndani zaidi. Mpishi anayesafiri na visu vyake anahitaji ala inayofunika tu, isiyo na kitanzi cha mkanda.

Kisha tunakilaza kisu juu ya karatasi ngumu na kukichora. Kuzunguka upande wa makali tunaacha nafasi ya kama sentimita moja kwa ajili ya mshono, na tunaongeza unene wa bapa lenyewe, kwa maana kisu si karatasi. Paterni hiyo tunaikata, tunaikunja, tunakijaribu kisu humo. Tukiridhika ndipo tunagusa ngozi. Karatasi ikiharibika hasara ni ndogo.

Ngozi tunayotumia ni ya ng'ombe, yenye unene wa milimita tatu hadi tatu na nusu. Tunachukua sehemu ya mgongo, ambayo ni ngumu na haivutiki. Ngozi ya tumbo ni laini na hulegea. Ala yake itakuwa nzuri siku ya kuuzwa, na baada ya miezi michache kisu kitakuwa kinacheza ndani.

Katikati ya kurasa mbili za ngozi, upande wa makali, tunaweka ukanda mwembamba wa ngozi ile ile. Sisi tunauita ukanda wa kinga. Makali yakishuka hukutana na ukanda huo, hayakutani na uzi. Ala isiyo na ukanda wa kinga hujikata yenyewe kutoka ndani: mwenye kisu haoni kitu, mpaka siku makali yanapotokeza nje na kukutana na paja lake. Kwa sime yenye makali pande mbili tunaweka kinga pande zote mbili.

Baada ya gundi kukauka tunachora mstari, tunapima matundu kwa nafasi ya milimita nne, na kuyatoboa kwa msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu. Uzi ni wa kitani au nailoni, nao tunausugua kwa nta ya nyuki ili usinyonye maji na ukae imara. Kushona kwenyewe ni kwa sindano mbili, moja kila ncha ya uzi mmoja. Kila tundu hupitiwa mara mbili, sindano ya kulia ikienda kushoto na ya kushoto ikija kulia. Kazi inashikwa katika kibano cha mbao kati ya magoti, na mikono yote miwili inabaki huru.

Hatua inayofuata huwashangaza wageni. Tunailowesha ala kwa maji vuguvugu, kwa dakika chache tu. Kisu tunakipaka mafuta na kukifunga vizuri kwa nailoni, tunakiingiza, halafu tunaibonyeza ngozi kwa vidole na kipande cha mti laini mpaka ifuate umbo la kisu. Inaachwa kivulini hadi ikauke, siku nzima au zaidi. Haianikwi juani wala kukaushwa kwa moto, kwa kuwa ngozi iliyolowa ikipata joto kali hujikunja na kukakamaa. Ikikauka sawasawa, inakuwa imekishika kisu kile na si kingine.

Mwisho tunalainisha kingo kwa msasa, tunazisugua kwa mti na nta hadi zing'ae, na tunafanya jaribio. Ala inageuzwa mdomo chini na kutikiswa. Kisu kikianguka, ala haitoki karakana. Kisha kisu kinachomolewa kwa mkono mmoja. Kikigoma, vivyo hivyo.

Ukijumlisha saa zote, ala ya kisu chenye bapa la sentimita 15 humchukua fundi mzoefu karibu siku nzima ya kazi, ingawa hugawanyika katika siku mbili au tatu kwa ajili ya kusubiri ikauke. Hilo ndilo jibu la wanaouliza kwa nini idadi ni ndogo.

Suala la ngozi yenyewe

Wapendwa, si kila ngozi inafaa. Ngozi nyingi iliyopo sokoni imesindikwa kwa kromu. Ni nzuri kwa viatu na mikoba, ni laini na haraka kutengeneza. Lakini kwa ala ina kasoro mbili. Ukiilowesha na kuibonyeza haishiki umbo, hurudi kama ilivyokuwa. Na mabaki ya chumvi za usindikaji yanaweza kuharakisha kutu, hasa ngozi ikipata unyevu.

Tunayoihitaji ni ile iliyosindikwa kwa dawa ya magome ya miti. Hapa kwetu mti unaojulikana kwa kazi hiyo ni muwati. Huko Njombe kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya kupanda miwati na kupata dawa ya ngozi kutokana na magome yake. Usindikaji wa namna hiyo huchukua muda mrefu, na ngozi yake ni ghali zaidi. Tatizo letu ni kwamba tunainunua vipande vipande, kadiri fedha zinavyopatikana. Anayenunua vipande huuziwa alichobakiza mwingine: tumbo, shingo, na sehemu zenye alama.

Hapo tunawageukia ninyi wajumbe wa kamati. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika. Hata hivyo ngozi nyingi huharibika kabla hazijafika kwa msindikaji. Ng'ombe huchomwa chapa ubavuni, pahali ambapo ngozi ingefaa kukatwa vipande vikubwa. Kupe huacha makovu. Na mchunaji mwenye haraka hutoboa kwa ncha ya kisu. Kisu kibovu mkononi mwa mchunaji huharibu ngozi ambayo kesho ingekuwa ala ya kisu kizuri. Chapa inaweza kuwekwa mguuni. Mchunaji anaweza kutumia kisu chenye ncha ya mviringo, na kumalizia kwa ngumi badala ya makali. Haya hayahitaji mfadhili, yanahitaji mazungumzo na wafugaji na wenye bucha katika parokia zenu.

Kwa nini tunasita kuhusu cherehani

Sasa tuseme wazi. Cherehani kubwa ya ngozi ni kitu chema. Kama soko letu lingekuwa mikanda, mikoba au kamba za mifugo, tungeipokea kwa vigelegele, na huenda siku moja tukaiomba. Lakini kwa ala tuna sababu tatu za kusita.

Ya kwanza ni mshono. Cherehani hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, ambazo hukabana ndani ya tundu. Uzi mmoja ukikatika, mshono unaweza kufumuka na kuendelea kufumuka. Mshono wa mkono wa sindano mbili ukikatwa mahali pamoja, upande wa pili wa uzi bado umeshika. Kwa mkoba, kufumuka ni usumbufu. Kwa kitu kinachobeba makali kiunoni, ni hatari ya mwili.

Ya pili ni saizi. Saizi tatu zinafaa kwa visu vya kiwandani, vinavyofanana kama sarafu. Wateja wetu wana visu vya mhunzi. Tukiwauzia saizi ya kati, mmoja kisu chake kitacheza na mwingine atalazimisha hadi apasue mdomo wa ala. Mwaka jana alikuja kijana aliyekuwa akisafiri kwa bodaboda na kisu chake ndani ya ala ya plastiki aliyoinunua mnadani. Ilikuwa pana. Pikipiki iliporuka shimo kisu kilitoka, naye akakidaka kwa kiganja. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena vizuri, na kijana huyo ni fundi rangi. Alikuja kwetu kushonewa ala ya kisu kile kile, huku mshono wa hospitali haujafutika kiganjani.

Ya tatu ni soko. Ala ya plastiki ya kiwandani ipo kila mnada, kwa bei ambayo hatuwezi kuifikia hata tukifanya kazi usiku. Tukiingia katika mashindano ya wingi na urahisi wa bei tutashindwa, na cherehani itabaki imefunikwa kwa kitambaa katika kona ya karakana. Ninyi nyote mmewahi kuiona mashine ya namna hiyo mahali fulani. Kitu pekee tunachouza ambacho mnada hauna ni kipimo. Tukiacha kupima, tumeacha biashara.

Kuna jambo jingine linalowahusu vijana tunaowafundisha. Anayekalishwa kwenye cherehani kushona saizi ile ile hujifunza kuendesha cherehani. Anayejifunza kupima kisu kisichofanana na kingine, kukata paterni, kuchagua ngozi na kushona kwa sindano mbili, huweza kesho kukaa chini ya mwembe na vifaa vinavyoenea kwenye mfuko mmoja, akala jasho lake bila umeme na bila sisi. Tunadhani hiyo ndiyo maana ya neno kujitegemea tunaloliandika katika maandiko yetu ya miradi.

Kila kazi ina mipaka yake

Hatutaki kuwapa picha kwamba ala ya ngozi inamfaa kila mtu. Ngozi hunywa damu na maji, na haioshwi ikatakata. Ndiyo maana wachinjaji wa machinjio yenye ukaguzi tunawashauri watumie ala za plastiki ngumu au chuma cha pua zinazooshwa kwa maji ya moto. Tunapoteza mauzo, lakini nyama hiyo italiwa na watoto wetu.

Vilevile kila mteja tunamwambia: ala ni ya kubebea, si ya kulazia kisu miezi. Kisu kioshwe, kikaushwe, kipakwe mafuta kidogo ndipo kirudishwe. Msimu wa mvua kikae nje ya ala, mahali pakavu na mbali na watoto.

Tunachoomba

Kwa hiyo, ndugu wajumbe na wafadhili, maombi yetu ni haya.

Kwanza, fedha iliyofikiriwa kwa ajili ya cherehani, au sehemu yake, iwe mfuko wa ngozi wa kuzunguka. Tununue ngozi nzima zilizosindikwa kwa magome wakati zinapopatikana, zikae stoo. Kila fundi achukue kwa futi ya mraba, aandikishe, na arudishe gharama ala inapouzwa. Daftari likae kwa mhasibu wa kamati, si kwetu, na lisomwe katika kila kikao kama hiki. Ngozi ya tumbo na vipande vinavyobaki tutavitumia kwa vishikizo vya funguo na mazoezi ya wanafunzi.

Pili, mtusaidie kuweka utaratibu wa malipo ya awali. Mteja akiagiza, alipe nusu. Ala iliyopimwa kwa kisu chake haiwezi kuuzwa kwa mwingine, na asiporudi hasara ni ya fundi peke yake. Wengi wa wateja wetu ni waumini wenu. Neno lenu lina uzito kuliko tangazo letu ukutani.

Tatu, mtuunganishe na wahunzi. Kisu kikitoka kwa mhunzi kikiwa na ala yake tayari, wote wawili hupata zaidi kuliko kila mmoja akiuza peke yake. Wahunzi wengi wako katika vigango vyenu na hawatufahamu.

Nne, vijana wenye bidii wapewe nafasi ya kusoma zaidi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kupitia kampasi yake ya Mwanza, hufundisha teknolojia ya ngozi. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, yaani SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani. Barua ya utambulisho kutoka kwa kamati hufungua mlango ambao fundi mmoja mmoja hubisha muda mrefu.

Kwa wafadhili wetu tunaongeza neno moja. Tunafahamu kwamba cherehani hupigwa picha vizuri na kwamba rundo la ngozi stoo halipendezi kwenye kalenda. Tuko tayari kuwaletea picha nyingine: mhunzi, fundi na mwenye kisu wakiwa wamesimama pamoja siku ya kukabidhiana. Na kila robo mwaka tutawapa hesabu ya futi zilizotoka na fedha zilizorudi, hata katika miezi ambayo haitapendeza.

Tukilinganisha mambo haya na kazi yenu ya kamati, tunaona yanafanana. Hakuna parokia mbili zenye shida ya kipimo kimoja. Mnapokaa na familia moja na kuwauliza wanahitaji nini kabla ya kugawa, mnafanya kile tunachofanya tunapokilaza kisu juu ya karatasi. Nasi leo tunaomba tupimwe hivyo hivyo.

Karakana iko wazi Jumatatu hadi Jumamosi. Atakayependa kujionea, aje, na aje na kisu chake.